Muziki wa filamu bila filamu: nausikilizaje hadi mwisho?

Sakina_Juu (Arusha)

Wakuu, salaam.

Naomba msaada kwa wanaojua. Nazungumzia muziki wa filamu za drama, ule wa okestra unaotungwa kwa ajili ya picha. Siongelei nyimbo za wasanii zinazopigwa majina yakipita mwishoni. Nataka kuusikiliza wenyewe, kama muziki, pasipo kuangalia filamu. Yanayonishinda ni haya.

Sauti haitulii. Kipande kimoja fidla zinanong'ona hadi unadhani simu imezima, unaongeza, kisha dakika moja baadaye ngoma zinapasuka na jirani anagonga ukuta. Vipande vingi vinakatika kabla havijamalizika. Mpangilio wa albamu haufuati filamu, na kuna sehemu nzuri ya kwenye filamu ambayo haipo kabisa. Nyingine ipo, ila kwenye albamu inasikika ya chini na ya polepole kuliko kwenye DVD. Halafu nikifika kipande cha sita akili imeshahama.

Vifaa: simu, hedifoni za waya, na sabufa ya kawaida yenye spika mbili ndogo. Chumba ni futi 10 kwa 12, sakafu ya saruji, hakuna dari, juu ni bati tupu. Bando nalo si la kutupa, kwa hiyo anayejua hesabu ya MB anisaidie.

Nawasilisha.

FundiNjiro (Arusha)

Mkuu, kosa la kwanza ni mkono wako kwenye kitufe cha sauti. Muziki huu unarekodiwa ukiwa na nafasi kubwa kati ya mnong'ono na kishindo, na nafasi hiyo ndiyo utamu wenyewe. Bongo Fleva inabanwa studio, sauti inakuwa palepale mwanzo mwisho, ndiyo maana inasikika hata ndani ya kifodi kilichojaa huku injini inalia. Muziki wa filamu ukiufanyia hivyo umeuua.

Fanya hivi. Tafuta kipande chenye kishindo kuliko vyote; kwenye albamu nyingi kinakaa theluthi ya mwisho. Kicheze, panga sauti iwe kubwa lakini ya kuvumilika, kisha usiguse tena. Rudi kipande cha kwanza. Dakika mbili za mwanzo utaona kama sauti haitoshi, baada ya hapo sikio linazoea na utaanza kusikia pumzi ya mpiga filimbi.

Hesabu yake ni rahisi. Chumba kilichotulia usiku kina kama desibeli 35 hadi 40 za kelele za kawaida. Ukiweka kilele cha muziki kwenye 85, umebaki na nafasi ya 45 hivi, inatosha. Mvua ya masika ikipiga bati tupu, ndani ya chumba inavuka 70 bila shida. Hapo umebakiwa na 15, na kila kilicho laini kimezama. Ikwalaiza haitibu hilo. Mvua ikianza, hamia kwenye hedifoni au ahirisha. Ila usiongeze sauti hedifoni zikiwa masikioni ili kushindana na mvua: Shirika la Afya Duniani linataja 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha mtu mzima, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 83 ni saa 20, 86 ni saa 10.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya programu unayotumia. Kuna kipengele cha kusawazisha sauti, kizime. Kinaposawazisha kipande kimoja kimoja, mnong'ono unapandishwa, vita vinashushwa, vyote vinakuwa uji. Kuna programu zinazosawazisha kwa albamu nzima, hizo hazina madhara, ila ukiruhusu vipande vichanganywe ovyo zinarudi kwenye kimoja kimoja. Kwa hiyo zima kuchanganya. Zima pia ule mtindo wa kipande kipya kuingia kabla cha zamani hakijaisha. Huo ni wa sherehe. Hapa unakula mkia wa mwangwi, na mkia huo mara nyingi ndiyo sekunde tamu kuliko zote. Kwenye simu yenyewe angalia sehemu ya usaidizi wa kusikia, hakikisha sauti ya kushoto na ya kulia haijaunganishwa kuwa moja (mono). Ikiwa imeunganishwa, okestra nzima itasimama kwenye mstari mmoja kama watu wa benki.

MB: ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 50 ni MB 120. Ukishuka hadi 96 inakuwa MB 36, lakini ubovu unajitokeza haraka kwenye matoazi na mwangwi, vinasikika kama mchanga kwenye sufuria. Faili zile kubwa zisizopoteza chochote zinakula MB 5 hadi 6 kwa dakika. Kwa sabufa ya kawaida hutazitofautisha na 320, usijitese. Pakua mara moja penye Wi-Fi, kisha weka simu hali ya ndege. Mlio wa ujumbe katikati ya solo ya selo unakera kuliko kitu chochote.

Mwisho, uwekaji. Boksi la besi litoe kwenye kona. Kona inaikuza besi, na inazikuza baadhi ya noti tu, siyo zote sawa. Kipimo: tafuta sehemu ambapo selo au besi kubwa zinapanda ngazi taratibu. Noti moja ikivuma "vuuu" kuliko jirani zake, sogeza boksi sentimita 30 na urudie. Nobu ya besi iache kwenye theluthi. Spika mbili ndogo ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, zitengane mita moja na nusu, na wewe ukae umbali huohuo kutoka kila moja, ipatikane pembetatu. Watu wengi wanazipachika juu ya kabati. Juu ya kabati sauti inagonga bati kwanza ndipo ikufikie, fidla zinakuwa kama misumari. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia "tring" inabaki hewani, simamisha godoro kwenye ukuta ulio nyuma yako na utandike zulia. Piga kofi tena. Tofauti utaisikia hapohapo.

Kwaya_Rau (Moshi)

Fundi kamaliza vyombo, mimi nizungumzie masikio.

Kwanza kwa nini vinakatika. Muziki wa kawaida unatungwa kwa beti. Huu unatungwa kwa sekunde. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde, na mtunzi anapewa orodha: mlango unafunguka sekunde ya 14, mama anageuka sekunde ya 21 na nusu, tukio linakatwa sekunde ya 48. Mwendo unapangwa ili pigo liangukie palepale. Mapigo 120 kwa dakika ni pigo moja kila fremu 12. Mapigo 96 ni kila fremu 15. Mapigo 90 ni kila fremu 16. Mlango usipoangukia kwenye pigo, mtunzi anaongeza au anapunguza pigo moja ndani ya kipimo (fungu la mapigo, mara nyingi manne). Ndiyo maana unakuwa umeshazoea nne nne, ghafla inapita tano kisha inarudi. Asiyejua anadhani wapigaji wamekosea. Ukijua, unaweza hata bila picha kunyoosha kidole na kusema: hapa kuna kitu kilitokea.

Na vinapokatika bila kumaliza, ni kwa sababu tukio lililofuata halikuhitaji muziki. Tusiopenda mambo yaachwe hewani (waimba kwaya hasa, tumezoea kila wimbo urudi *do*) inabidi tuuzoee ukatili huo.

Pili, akili kuhama kwenye kipande cha sita. Hiyo inatokea kwa sababu unaifuata hadithi ambayo huioni. Achana na hadithi, fuata kiini cha wimbo. Mtunzi wa filamu huwa na mawazo mawili matatu tu ya msingi, saa nzima anayabadilisha nguo. Kazi yako ni kuyakamata. Sikiliza kipande cha kwanza mara mbili, kisha uimbe wimbo wake mkuu kwa sol-fa, hata noti tano za mwanzo zinatosha. Chukua karatasi. Kila unapoisikia ikirudi, andika kipande namba ngapi, dakika na sekunde, na nini kimebadilika: chombo, mwendo, meja kuwa maina, au mwisho wake umebakizwa. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalioni. Wimbo ambao kila mara unakatwa kabla ya noti ya mwisho, halafu kwenye kipande cha kumi na nne unafika, hapo ndipo filamu ilipofikia.

Wazo la msingi linaweza kuwa dogo mno. John Williams kwenye Jaws (1975) alitumia noti mbili, *mi* kwenda *fa*, nusu hatua, zikipigwa chini kabisa. Ukiisikiliza bila picha, mwendo peke yake unakuambia papa yuko umbali gani. Bernard Herrmann kwenye Psycho (1960) alitumia vyombo vya nyuzi peke yake: hakuna tarumbeta, hakuna ngoma, hakuna filimbi. Kwenye hedifoni sikiliza jinsi nyuzi hizo zilivyofunikwa kwa kizibo sehemu kubwa ya muziki, sauti inatoka kama imefungiwa kabatini, halafu kwenye tukio la mauaji bafuni vizibo vinatolewa. Ile "kwi kwi kwi" inakata kwa sababu masikio yalikuwa yamezoeshwa kitu kilichofunikwa. Ukiruka kwenda moja kwa moja kwenye kipande hicho, nusu ya nguvu yake imepotea.

Kwa kuanzia mimi ningekupa The Mission ya Ennio Morricone (1986). Wimbo wake mkuu unapigwa na obo, ndugu wa zumari yetu: matete mawili yanayotetemeka pamoja. Sikiliza kipande cha Gabriel's Oboe, dakika mbili na ushee, ukiwa na swali moja tu: anapumua wapi? Kisha nenda On Earth as It Is in Heaven. Humo Morricone anaweka vitu vitatu pamoja: ile obo, kwaya inayoimba Kilatini kwa mtindo wa kanisani, na kwaya nyingine inayopiga mdundo mzito pamoja na ngoma. Cheza mara tatu. Mara ya kwanza shika obo, usiiachie hata ikizidiwa. Mara ya pili shika kwaya ya kanisani. Mara ya tatu shika ngoma tu. Mtu aliyewahi kuimba besi huku soprano inamvuta ataelewa mara moja zoezi hili linafanya nini.

Na dakika 25 kwa kikao zinatosha. Vipande vinne hadi sita. Usipange kusikiliza huku unapika.

Mkanda35 (Moshi)

Naongeza kwenye lile la DVD, maana hapo mtu anaweza kudhani sabufa ni mbovu.

DVD na matangazo ya TV kwa mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa tunautumia huku, huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Filamu imepigwa kwa 24. Njia rahisi iliyotumika miaka mingi ni kuiendesha haraka kidogo tu, fremu 24 zikatoshe 25. Kila kitu kinaongezeka mwendo kwa asilimia 4 na ushee: filamu ya dakika 100 inaisha dakika 96, na muziki unapanda karibu robo tatu ya nusu hatua. Kwa hiyo albamu ndiyo iko sahihi, DVD ndiyo imekimbia. Kuna DVD ambazo sauti ilirudishwa chini kwa mashine, lakini mwendo unabaki wa haraka. Mtu mwenye kinanda anaweza kujaribu: piga noti ya kwanza ya wimbo pamoja na albamu, kisha pamoja na DVD. Kama DVD imekaa katikati ya vitufe viwili, umepata jibu.

Na kama filamu umeiona ya kutafsiriwa, zile za kibanda umiza ambapo sauti ya mtafsiri inakaa juu ya kila kitu, basi muziki ulikuwa umeshushwa mara mbili: mara moja na wachanganyaji wa filamu kupisha maongezi, mara ya pili kumpisha mtafsiri. Kwenye albamu ndipo unausikia kwa mara ya kwanza.

Sehemu uliyoipenda kutokuwepo kuna sababu zake. Albamu za zamani zilipangwa kutoshea santuri, kama dakika 20 hadi 22 kila upande, kwa hiyo vitu vilikatwa. Wakati mwingine mhariri wa filamu alichukua sekunde 30 za kipande kimoja akazibandika mahali pengine, hivyo kama kipande cha peke yake hakijawahi kuwepo. Na wakati mwingine albamu ilirekodiwa upya kabisa.

Mfano mzuri uko hapahapa nyumbani. Hatari! (1962) ilipigwa Tanganyika, sehemu kubwa pande za Arusha, na muziki ni wa Henry Mancini. Desturi ya Mancini ilikuwa kurudia kurekodi muziki wake kwa ajili ya santuri, ameupanga uwe mtamu sebuleni. Kwa hiyo ukiishika albamu ya 1962 ukaifananisha na filamu, hazitalingana, wala hazikukusudiwa kulingana. Watu wanaijua Baby Elephant Walk, ile ya watoto wa tembo wakipelekwa majini, ambayo kwa kweli ni bluzi ya vipimo 12 iliyovishwa klarineti ndogo inayochekesha. Lakini wewe unataka drama: cheza Sounds of Hatari, inayoanza albamu. Inazidi dakika sita na inajengwa zaidi kwa ngoma na vyombo vya kutikisa kuliko kwa wimbo. Hapo karatasi ya Kwaya_Rau haitasaidia sana. Hesabu badala yake kila chombo kipya kinachoingia, na usubiri uone kipi kinatoka.

Kingine: kwenye matoleo kamili utakuta alama kama 3M2. Si siri. Roli ya tatu ya filamu, M ya muziki, kipande cha pili humo. Roli ya futi 1,000 inacheza dakika 11 hivi, kwa hiyo kwa filamu ya zamani 3M2 inakuambia uko kati ya dakika ya 22 na ya 33. Hiyo ndiyo ramani ya kurudishia mpangilio wa filamu, kwa anayeutaka. Na usisome majina ya vipande kabla hujaona filamu, mengi yanakutajia anayekufa.

BintiSoweto (Moshi)

Mimi nampinga aliyenitangulia hapo kwenye "anayeutaka". Mpangilio wa filamu usiuguse mwanzoni. Kwenye albamu mtunzi au mtayarishaji mara nyingi ameshapanga: kipande kikali, kisha cha kupumzika, funguo zinazopokezana vizuri. Kwenye filamu vipande viwili vya huzuni vinaweza kufuatana kwa sababu katikati yake kulikuwa na dakika nane za maongezi. Ukiyatoa maongezi, umebaki na dakika sita za fidla zinazolia mfululizo. Ndiyo hapo akili inapohama.

Kwaya_Rau (Moshi)

Dada, nakubali kwa albamu nyingi, ila hiyohiyo The Mission inakupinga. On Earth as It Is in Heaven imewekwa ya kwanza kwenye albamu, wakati kwenye filamu inakuja mwishoni. Yaani unapewa ugali, mboga na nyama vimeshachanganywa, halafu ndipo unaonyeshwa kimoja kimoja. Kwa anayejifunza kusikiliza ni bora aihamishie mwisho. Orodha yako iwe: Falls, Gabriel's Oboe, Ave Maria Guarani, kisha hiyo kubwa. Miserere, ile ya sauti moja ya mtoto inayofunga albamu, iache ibaki ya kufunga.

BintiSoweto (Moshi)

Kwa hiyo moja sawa, nimekubali. Lakini vitu vya sekunde 40, vile vilivyotungwa vikae chini ya maongezi, viondoe bila huruma. Ni noti mbili zinashikiliwa na hakuna kinachotembea. Kwa picha vinafanya kazi kubwa, peke yake ni kama kusikiliza friji.

Sakina_Juu (Arusha)

Asanteni sana wakuu. Nimetoa boksi kwenye kona na godoro limesimama. Mawili yamebaki. Kwenye noti za chini kabisa kuna mlio wa "zzzz" kama spika imechanika. Na kwenye sehemu laini sabufa inakata sauti kabisa kwa sekunde kadhaa, halafu inarudi na "tap". Inatokea kwa Bluetooth, na hata kwa waya.

FundiNjiro (Arusha)

Usifungue spika bado. La kwanza: rudia kipande hichohicho kwa hedifoni. Mlio ukiwepo, ni faili. Usipokuwepo, rudi kwenye sabufa, cheza noti ile tena na utembee na mkono: bonyeza kioo cha kabati la vyombo, kisha fremu ya dirisha, kisha nondo, kisha bati pale lilipokutana na ukuta. Mara tisa kati ya kumi ni glasi zinazogusana au kioo kilicholegea kwenye reli yake. Kunja kitambaa uweke katikati. Mkono ukifika kila mahali na mlio bado upo, weka kiganja kwenye koni ya besi, bonyeza kwa usawa taratibu ikiwa imezimwa. Ukisikia inakwaruza, koili imepinda, hapo ndipo kwa fundi.

La pili ni kifaa cha kujizima. Sabufa nyingi zina sakiti inayopima kama kuna sauti inaingia. Ikiwa ndogo mno inadhani umeondoka. Dawa: panua sauti ya simu hadi mwisho au karibu na mwisho, kisha punguza kwa nobu ya sabufa yenyewe. Umeme unaoingia unakuwa mkubwa, kipimo hakidanganyiki, na kelele ya "shhh" pia inapungua. Kwa waya, ukisikia sauti inakwaruza simu ikiwa mwisho kabisa, rudi nukta moja au mbili. Kama nyuma ya boksi kuna swichi ya kujizima yenyewe, ipeleke upande wa kuwaka muda wote, na ukumbuke kuizima ukutani ukilala.